Nilisema mimi ni "high", zamu ikaota mbawa

Wadau, leo naandika na hasira zangu, mnivumilie. Pauni 97 na peni 68 zimeniponyoka kwa neno moja la Kiingereza, tena neno la shule ya msingi.

Nipo Uingereza, ghalani, napanga katoni. Jumanne alfajiri msimamizi kanionyesha rafu ya juu kabisa, akasema hiyo ni "high", nichukue ngazi. Mimi na futi zangu sita na inchi mbili nikacheka: "No problem, I am also high!"

Hakucheka. Alinikodolea macho kama daktari anayetafuta homa ya manjano. Muda si muda niko ofisini, nasuguliwa kijiti mdomoni kupimwa mate, kwa sababu huku mtu akisema yuko "high" amekiri mwenyewe kwamba kavuta bangi au kitu kikali zaidi. Majibu yakatoka safi. Lakini ukishatiliwa shaka hugusi kazi siku hiyo, na sisi tulioletwa kazini na wakala wa ajira, usipofanya kazi hulipwi. Saa nane kwa pauni 12.21, kima cha chini cha mwaka ulioanza Aprili 2025. Badilisheni kwa shilingi, kisha muulizeni mwalimu wa kule wilayani anaipata kwa siku ngapi.

Kituoni, nikingoja usafiri wa kurudi nyumbani, nilimkuta mama mmoja wa Kipolandi tunayefanya naye kazi, akitoka zamu ya usiku. Nikamsimulia. Akanimegea mkate wake, akaninyooshea kidole nguzo ya taa: hiyo "tall". Akanyoosha juu zaidi, kwenye mawingu: hayo "high". Basi. Miaka yote ya shule hakuna aliyenifundisha hivyo! Kitu chembamba kilichosimama, ukakipima toka unyayoni hadi utosini, ni "tall": mtu, mnazi, twiga, mnara. Kilicho mbali na ardhi, au kipana kama ukuta na mlima, ni "high", pamoja na bei na homa. Ndiyo maana Burj Khalifa ya Dubai yenye mita 828 wanaiita "tall", ila Kilimanjaro yetu ya mita 5,895 kwa kawaida ni "high". Kunguru aliyetua juu ya mnazi yuko "high", ufupi wake hauhusiki.

Sisi tuna -refu tu. Mtu mrefu, mlima mrefu, kamba ndefu, kisima kirefu, na hakuna aliyewahi kupimwa mate kwa kuitwa mrefu. Halafu wanasema lugha yetu haina maneno.

Wewe unayesubiri viza, cheti chako cha Kiingereza kiweke kwenye begi, lakini msimamizi akikutajia neno usimrudishie lilelile kwa mbwembwe. Sema "tall", au nyamaza uchukue ngazi.

Mimi ngazi bado sichukui. Jana katoni imekwama kule juu, msimamizi yuleyule akaita toka mwisho wa ghala: "Where's the tall one?" Nikaenda, nikaishusha. Ya Jumanne hajaitaja.