"Mungu akipenda, nitakuja"

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekaa na swali la mama mmoja mzee wa kanisani kwetu, na limeninyima raha. Mama huyu ni mjane, miguu imemchoka, ibadani haji tena. Alinipigia simu akaniomba niende Jumamosi nikamsomee Neno, kwa kuwa macho nayo yamefifia. Nikamjibu, "Mungu akipenda, mama, nitakuja." Nilipokuwa nikitamka hayo nilikwisha kujua kwamba siendi. Nilikuwa na shughuli zangu. Nilitaka tu kumaliza mazungumzo bila kumvunja moyo, na jina la Mungu lilikuwa karibu na mdomo, nikalitumia.

Yeye aliliamini. Alingoja mpaka jua likazama. Tulipozungumza tena aliniuliza kwa upole, bila chembe ya lawama: "Basi Mungu hakupenda, mwanangu?"

Mungu alipenda. Aliyekataa ni mimi, kisha nikamsingizia yeye.

Siku zote nilijihesabu kuwa nimeishika ile amri ya Kutoka 20:7, "Usilitaje bure jina la BWANA, Mungu wako." Wengi wetu tunaiita amri ya tatu, ndugu zetu Wakatoliki na Walutheri huihesabu ya pili. Iwe ya tatu au ya pili, niliona hainihusu sana. Situkani. "Haki ya Mungu" niliiacha nilipookoka. Nilidhani hapo ndipo amri inapoishia.

Lakini neno la Kiebrania lililofasiriwa "usilitaje" ni pana kuliko kutaja. Ni nasa, kuinua au kubeba. Usilibebe jina la BWANA bure. Neno hilohilo linarudi katika sura ya 28 ya kitabu hichohicho, Haruni anapotengenezewa mavazi ya ukuhani. Mabegani aliwekewa mawe mawili ya shohamu, kila moja limechorwa majina sita ya wana wa Israeli. Kifuani alikuwa na mawe kumi na mawili, safu nne, matatu kila safu, kila jiwe na jina lake. Imeandikwa kwamba atayachukua majina hayo mbele za BWANA. Nitafakaripo picha ile namwona Haruni akitembea polepole. Mtu aliyebeba majina ya taifa zima kifuani hawezi kwenda ovyo kama mtu aliyetoka matembezini.

Nao Israeli walibebeshwa jina. Katika Hesabu 6, baada ya ile baraka tuipendayo sana, "BWANA akubarikie, na kukulinda," Mungu anasema makuhani wataweka jina lake juu ya wana wa Israeli. Baraka ile tunaipokea kwa furaha, tunaitikia amina, na mara nyingi mstari wa 27 hatuufikii. Nasi tulibatizwa kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Tulitoka majini tukiwa na jina juu yetu. Kwa hiyo hata nikinyamaza siku nzima, bado nimelibeba. Nimelibeba ninapodaiwa, ninapopimia mtu bidhaa, ninapotia sahihi, ninapoandika ujumbe kwa hasira usiku.

Ezekieli 36 inaonyesha jambo hili kwa namna inayouma. Waisraeli walikuwa wametawanywa kati ya mataifa, na Mungu anasema kwamba kila walikokwenda walilitia unajisi jina lake takatifu. Ukisoma unatazamia kusikia waliapa au walikufuru nini huko. Hakitajwi kiapo hata kimoja. Watu waliwatazama tu wakasema: hawa ndio watu wa BWANA, nao wametoka katika nchi yake. Mungu wao alipimwa kwa hali yao.

Kuna namna nyingine ya kulibeba jina bure, na hii naiogopa zaidi, kwa sababu inavaa vazi la kiroho. Ni kusema "Bwana ameniambia" wakati ni mimi niliyejiambia. Yeremia 28 inasimulia habari za Hanania, aliyesimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba BWANA asema hivi: ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi kutoka Babeli. Ilikuwa habari tamu. Yeremia mwenyewe aliitikia, "Amina, BWANA na atende hivi," na sidhani alikuwa akimdhihaki. Nani asingetaka iwe kweli? Lakini BWANA hakuwa amemtuma Hanania. Alikuwa amesema miaka sabini. Hanania alitangaza hayo mwezi wa tano, na mwezi wa saba akafa.

Sisemi kwamba Mungu hasemi na watu wake leo. Anasema. Nasema tu kwamba tumezoea mno kuligeuza jina lake muhuri wa kufungia mjadala. Mtu hataki kushauriwa juu ya ndoa yake, anasema Mungu amemwonyesha. Kiongozi hataki kuulizwa habari za fedha, anasema ni maono aliyopewa. Baada ya hapo nani atathubutu kuuliza? Na mambo yakiharibika, waliokuwa wakisikiliza wanabaki wakimshangaa Mungu, kumbe Mungu hakuwamo. Afadhali tuseme, "Mimi naona hivi, naomba mnisaidie kupima." Ni maneno ya kawaida, lakini yanamwachia Mungu jina lake.

Yesu alipowafundisha wanafunzi kuomba, ombi la kwanza kabisa, kabla ya riziki na kabla ya msamaha, ni "Jina lako litukuzwe." Nimelisema ombi hilo tangu utoto, na kwa miaka mingi nililisema kana kwamba nawaombea watu wengine, wale wasioamini, wapate kulitukuza. Wiki hii nililisema nikasimama hapohapo, sikuweza kuendelea na "Ufalme wako uje." Nilikumbuka simu ile.

Yakobo anatufundisha kusema "Bwana akipenda," na sitaki mtu aliache neno hilo kwa sababu mimi nimelichafua. Ni ungamo zuri, la mtu anayekiri kwamba kesho haiko mkononi mwake. Wajibu wangu ni kuwa nimekwisha kuamua kwenda, na kumwachia Mungu yale nisiyoyaweza. Kama siendi, Yesu alinipa neno lingine katika Mathayo 5: "Siyo, siyo."

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Nilimweleza mama ukweli wote, kwamba Mungu hakuhusika na kutokuja kwangu. Alinyamaza kidogo, kisha akanishika mkono na kunisamehe. Akaniomba nimsomee Zaburi ya 23. Nilipofika "kwa ajili ya jina lake" akasema, "Hapo, mwanangu, rudia." Nikarudia.