Kwa nini polisi?

Nafasi za ajira za polisi zikitangazwa, steshenari yangu hapa Majengo, Moshi, hujaa vijana. Kila mmoja na bahasha yake: vyeti vya shule, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na ile barua ya maombi iliyoandikwa kwa mkono. Mimi naskani, naingiza kwenye mfumo, na nikipata mwanya nauliza: kwa nini polisi?

Wengi hawazunguki. "Mama, ni ajira ya serikali." Mshahara una uhakika, unakopesheka, uzeeni kuna pensheni. Mtaani jibu hilo hubezwa, eti mtoto kaenda huko kwa kukosa pa kwenda. Sikubaliani kabisa. Kijana aliye tayari kupangiwa Tunduru au Kibondo, akakaa bila kuoa wala kuzaa ili avuke masharti, anatafuta riziki kwa kujitoa. Mwalimu na nesi nao wanaangalia mshahara, mbona hatuwasimangi?

Wengine ni watoto wa kota, baba askari, babu askari. Na Moshi yenyewe inavuta: Shule ya Polisi iko hapa, ile tuliyozoea kuiita CCP, na makuruta wakifunga mafunzo ndugu zao hufurika mjini.

Ila kuna binti mmoja wa Kibosho ambaye jibu lake bado ninalo. Barua yake ilikuwa na neno moja lililokatwa. Akaomba karatasi nyingine, akaiandika yote upya, polepole, huku foleni ikimsubiri. Akanieleza habari za dada yake aliyekuwa akipigwa na mumewe. Walipokwenda kituoni mara ya kwanza, askari wa kaunta aliwaambia wakayamalize nyumbani. Waliporudi wakampata askari wa kike wa Dawati la Jinsia na Watoto. Huyo alifunga mlango, akamsikiliza dada mpaka mwisho, akaandika maelezo, akampa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, aende hospitali.

"Mama, nataka niwe kama yule."

Mshahara atauhitaji naye, tena sana, kwao hali ni ngumu. Lakini yeye anajua kaunta ile inavyoonekana ukiwa upande wa pili umevimba uso, na hilo sidhani kama kwata inaweza kulifundisha.

Maombi yake niliyatuma siku moja na ya mwanangu, ambaye anafuata mshahara na amesema wazi. Nawaombea wote wawili. Ila nikiambiwa nafasi imebaki moja, nitasema apewe huyu binti.