Tanki la choo, feri ya Likoni na mzee wa ndoo

Wale mlioniambia "paka gundi tu, mbona kazi rahisi" niliposema tanki la choo la gari langu limepasuka, hii nawaandikia nyinyi kwanza.

Gari langu ni lile la kulala ndani, lina kitanda, jiko la gesi na choo. Nilinunua kwa mzee mmoja wa Kijerumani aliyechoka safari akaamua kujenga Mtwapa, na hapa mtaani Kisauni, Mombasa, washalipa jina, Konokono. Chini ya choo kuna tanki jeusi la plastiki la kama lita 80 hivi, limening'inizwa kwa mikanda miwili ya chuma. Sasa chuma na hewa ya bahari mwajua wenyewe. Mkanda mmoja umeliwa na kutu mpaka umebaki jina, na mie hata siku moja sijainama kuangalia, basi siku tunarudi kutoka Tiwi na mama watoto nikaruka tuta kwa haraka ya feri nikasikia pwaa huko chini. Nikasema jiwe.

Jiwe wapi! Tumeingia feri jioni, imejaa pomoni, watu wa miguu wamesimama mpaka wameegemea magari, na harufu ikaanza kupanda polepole. Kila mtu anamuangalia mwenzake. Kulikuwa na mama na ndoo yake ya samaki, maskini, kijana mmoja akamwambia "mama, hao samaki wa lini?" Weh! Yule mama akachachamaa, akafunua ndoo, akatoa changu mzima akamfunulia mashavu mekundu akamuwekea puani, "nusa! nusa wewe! wa leo hawa!" Mie ndani nimepandisha vioo juu natazama mbele kama maiti anayengoja kuswaliwa. Mke wangu anacheka mpaka anatoa machozi. Mwisho ni yule yule mama aliyeona matone chini ya gari, akapaza sauti feri nzima isikie, "kumbe ni hili linyumba hapa!" Wallahi kivuko kile cha dakika chache siku hiyo kilikuwa kirefu kuliko kwenda Lamu.

Kesho yake nikaanza kukusanya ushauri wa bure. Fundi wangu wa gari akaniambia sabuni ya mche, unaikanda unaziba ufa, yeye ameziba matanki ya petroli nayo miaka yote. Ni kweli, petroli haiyeyushi sabuni ndo maana inakaa. Lakini hapa ndani ni maji bwana! Wala sikufikiria, nikaziba. Siku mbili nikawa na tanki la choo linalotoa povu. Nikaja na gundi ile ya mirija miwili, ikakauka ikawa ngumu kama jiwe, halafu nikaichokoa kwa ukucha ikatoka kipande kizima.

Shemeji naye akasema kabla ya kushika tanki nimwage ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Msijaribu. Mkojo una amonia, vikikutana na klorini inatoka hewa inayochoma kifua, nilikohoa mpaka nikakaa chini uani. Nilifungua milango yote, nikangoja, nikamwaga kwenye shimo la nyumbani, nikasuuza kwa maji matupu mara sita, nikalishusha nikaliacha juani siku tatu. Hapo sina hadithi, funika pua tu.

Halafu ndo nikampata fundi wa faiba, wale wa maboti. Huyu alikuwa na uhakika sana. Akanitoza elfu nne na ushei, akapiga msasa, akalaza kitambaa, akamimina dawa, kazi ikatoka nyororo mpaka nikampigia picha nikawatumia watu. Nikarudisha tanki, nikaweka maji, nikaenda mpaka Bamburi na kurudi kwa majivuno. Kufika nyumbani naona kitu kinaning'inia. Kile kiraka kimebanduka kizima kama ukoko wa wali, nikakishika mkononi, kisafi, upande wa ndani kinang'aa hakina hata chembe ya plastiki. Nikimpigia fundi aniambia tanki langu ni bovu. Tanki! Boti anazoziba yeye ni za mbao au za faiba yenyewe, lazima ishike. Langu lina utelezi kama wa nta, hapashiki kitu.

Siku hiyo Kongowea nilienda kununua viazi, wala si tanki. Nikamuona mzee amekaa na jiko la makaa anaziba ndoo na mabeseni kwa chuma cha moto. Nina kile kipande kilichovunjika pembeni mwa tanki, nilikuwa natembea nacho mfukoni kumuonyesha kila mtu kama picha ya mtoto. Shikamoo mzee. "Marahaba mwanangu, ndoo iko wapi?" Nikampa kipande. Hakuuliza ni cha nini, akakata kijipande akakiwasha, akakizima, akanusa. "Mshumaa huu." Akakitupa kwenye maji, kikaelea. "Ndugu yake mtungi. Kingezama ningekwambia nenda zako."

Miezi miwili nazunguka, jibu ni kiberiti na bakuli la maji! Nilipokuja kusugua tanki chini nikaona herufi PE, polithini, sawa na mitungi ya mafuta ya kupikia. Kuna matanki mengine ya ABS, plastiki ya aina nyingine, hayo yanazama na yakiungua yanatoa moshi mweusi wa masizi, na hayo ndo unaweza kuyeyushia vipande vyake kwenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, ukapata uji wa kuzibia. Polithini asetoni haiigusi. Inataka moto na mwenzake wa aina moja, basi.

Mzee akaja nyumbani na mtungi wa manjano uliopasuka, akaukata vijiti vyembamba. Kwanza akatoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa, ufa ukifika kwenye tundu unakosa pa kuendelea. Akauchimba mfereji kwa kisu, akakwangua mpaka plastiki mpya. Vyuma viwili bapa jikoni, kimoja anatumia kingine kinapata moto, na anayeyusha tanki na kijiti kwa pamoja, si kudondosha juu juu kama nilivyofanya mie nilipoomba zamu, pangu palibanduka akacheka. Ukiona moshi chuma kimezidi moto. Ila akili moja ilikuwa yangu, naomba niisifie: nilichukua chujio la chai la stenlesi, nikakata wavu wake tukauzamisha juu ya ufa kisha tukafunika na plastiki tena. Mzee akanyamaza kidogo akasema "haya, hiyo sijaiona."

Akataka mia sita, nikampa elfu.

Kujaribu nilijaza maji yenye bluu ya kufulia, nikatandika maboksi chini usiku kucha. Asubuhi doa moja la bluu kwenye pembe, pale pale pangu, tukarudia. Mikanda nikatengenezesha mipya, elfu mbili na kitu, nikaipaka rangi na kuwekea mpira wa tairi katikati, maana tanki likijaa ni kilo 80 zinarukaruka.

Sasa lina kovu la manjano kwenye tumbo jeusi, baya kweli kweli. Mwezi uliopita tumevuka nalo kwenda Tiwi na kurudi, likiwa limejaa. Katikati ya feri mke wangu akashusha kioo makusudi, akatoa kichwa nje akavuta pumzi ndefu, hakusema kitu. Chujio lake la chai bado ananidai.