Nilivyochagua spika za kupigia mziki kwenye kumbi ndogo

Mi napiga mziki kwenye shughuli ndogo ndogo hapa Dar, kichenpati, bethdei, kipaimara, sendofu za kifamilia, kumbi za watu kama 80 hadi 150 au uani kwa mtu chini ya turubai, na usafiri wangu ni bajaji. Zamani nilikuwa nakodi vyombo, hela ya shughuli nusu inaishia kwa mwenye mziki, nikaamua nijichange ninunue spika mbili zenye ampu humohumo ndani, unachomeka umeme na kebo ya mixa basi.

Wati zinachanganya watu sana. Ukipita Kariakoo utaona spika imeandikwa wati 3000, wati 5000, hiyo ni piki, nguvu ya kufumba na kufumbua tu, mi nilikuwa nauliza wati za kudumu, zile spika inazitoa muda wote, na desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Mfano Yamaha DBR12 inatajwa wati 1000 lakini za kudumu ni 465 na inafika desibeli 131, mdogo wake DBR10 ni wati 700, za kudumu 325, desibeli 129. Yaani kelele zinapishana desibeli 2 tu! Hata ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 zaidi, sikio linaona nyongeza kidogo. Sasa uani pasipo na kuta, mtu akikaa mbali mara mbili anapoteza kama desibeli 6, kwahiyo pa kuiweka spika panaweza kukusaidia kuliko wati ulizolipia.

Alafu uzito. DBR10 kilo 10.5, DBR12 kilo 15.8, DBR15 kilo 19.3, na kumbi nyingi ninazopiga ziko ghorofani hakuna lifti. Hizo namba za mwisho ni inchi, upana wa spika ya besi. Inchi 10 niliona besi yake nyembamba kwa amapiano, inchi 15 zikikaa mbili kwenye bajaji na stendi na begi la kontrola, mashine ninayopigia mziki, mi nakaa wapi? Nikabaki na inchi 12.

Kuzijaribu ndo kazi yenyewe, hapo usikubali kuharakishwa. Nilienda na flashi yangu ina amapiano, singeli na taarabu. Kijana wa dukani akaiweka kona, akafungulia, akaniambia "bro hii inatikisa mtaa mzima", nikamwambia sawa mdogo wangu, hebu tuitoe barazani kwanza, kwasababu kona inaongeza besi ambayo spika haina. Huko nje kuna moja ilinywea kabisa. Singeli inaumbua spika haraka, ngoma zinakimbia mno, spika mbovu inazichanganya zote zinakuwa ngurumo moja. Nikapandisha sauti mpaka taa nyekundu ya limita, ile inayozuia spika isizidiwe, ianze kuwaka, nikarudisha nyuma kidogo, nikaweka taarabu nisikilize kama maneno ya mwimbaji bado yanasikika. Mwisho nikachomeka maiki nikaongea kama MC, maana kwenye kichenpati MC asiposikika vizuri wamama hawatakuelewa hata upige mziki gani. DBR12 ikapita kote nikachukua mbili.

Zile za betri zenye magurudumu sizidharau, umeme ukikatika zinaokoa shughuli, ila usimiksi kwa bluetooth, sauti inachelewa, unasikia bit imeshapita, chomeka kebo.

Ukumbini nazipandisha kwenye stendi mpaka twita, kile kispika cha juu cha sauti nyembamba, ipite vichwa vya watu waliosimama, usipofanya hivyo wanaocheza mbele wanameza sauti yote na meza za nyuma wanasikia besi tu. Kebo natumia XLR, ile ya pini tatu kama ya maiki, kwasababu inatembea mbali bila kuingiza mvumo, na mziki nautoa mono, yaani sauti ileile spika zote mbili, ukumbi mdogo aliyekaa kushoto asikose kitu kilichopo kulia.

DBR12 zinashuka hadi kama hezi 52, hapo ndo mwisho wa besi yake ya chini, ndani ya ukumbi inatosha kabisa ila uani amapiano inapungua utamu, kwahiyo sasa hivi najichanga ninunue sabu moja, spika ya besi tupu. Hizi spika nyuma zina swichi ya kukata besi iliyo chini ya hezi 100 au 120, nikishaipata sabu nawasha hiyo, besi nzito inabebwa na sabu, spika zinabaki na sauti za watu na vinanda na zitapumua zaidi. Bajaji haitatosha hapo, itabidi kirikuu, na shughuli za uani nitazipandishia bei.