Contra na uhaba wa rangi

Hapa Unguja ukitaja gemu za zamani za TV, mazungumzo barazani hayachukui muda kufika kwenye bunduki ya "S" ya Contra, ile inayotawanya risasi, na roho (maisha) 30. Michoro yenyewe haisemwi. Leo nimeona niiandike hiyo michoro.

Contra ya nyumbani (Konami, 1988) ilichorwa kwa mashine fukara, NES (Famicom kwa Wajapani). Kioo ni pikseli 256 kwa 240, na mandhari hupangwa kwa vigae vya pikseli 8 kwa 8. Nafasi ni 960, lakini vigae tofauti vinavyokaa tayari kwa wakati mmoja ni 256 tu, ndiyo maana jani lile lile la msituni hulikwepi. Rangi ndiyo balaa zaidi: seti 4 za mandhari, kila moja rangi 3, pamoja na moja ya kuchangia seti zote. Jumla 13. Konami waliifanya nyeusi kuwa ya kuchangia, wakaiacha ijae baina ya majani. Risasi nyekundu ya S ikipita hapo, huihangaikii kuitafuta. Kwangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote kwenye gemu ile.

Sasa chukua mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, uuchore kwa masharti hayo. Seti moja ya rangi hutawala eneo la pikseli 16 kwa 16. Fremu ya mlango ikikatikia katikati ya eneo hilo, ukuta mweupe ulio pembeni unageuka hudhurungi. Anzia mlango kwenye pikseli inayogawika kwa 16, upana 32, kimo 48: vigae 24. Usitegemee kuchora nusu ya kushoto kisha kuigeuza, maana mashine hii haigeuzi vigae vya mandhari. Inageuza spraiti tu (vipande vya mchoro vinavyosogea juu ya mandhari, kama watu na risasi), na ndiyo sababu askari anakimbia kushoto na kulia kwa mchoro mmoja. Uokoe vigae kwenye misumari ya shaba: kigae kimoja, kirudie mstari mzima.

Watu ni rangi 3, ya nne ni uwazi unaoonesha mandhari ya nyuma. Bill na Lance, askari wawili wa wachezaji, ni umbo moja. Suruali ya buluu, suruali nyekundu, basi.

Halafu kuna kule kumetameta ambako watu husema kaseti ni feki. Si kaseti. Mashine huchora spraiti 8 tu kwa kila mstari wa kioo, na askari wa upana wa pikseli 16 anakula 2. Wachezaji wawili na maadui wawili wakisimama sawa, nafasi zimekwisha. Risasi ya kati yao haichorwi. Programu hubadilisha zamu kila picha mpya ya kioo ili kisipotee kitu kimoja moja kwa moja. Dawa ya mchoraji ni kuwapanga maadui kwa vimo tofauti: mmoja barazani, mwengine dirishani, mwengine juu ya paa.

Ukiona miti inayumba kwenye raundi ya kwanza, kaseti yako ina toleo la Kijapani, lililotumia chipu ya Konami ya VRC2. La Marekani limesimama kimya. Ujanja ni kubadilisha kigae chenyewe, na popote kilipopangwa kinabadilika hapo hapo. Ubaya wake, minazi ya Forodhani itainama yote kwa pamoja kama jeshi. Ukitaka upepo wa kweli, tenga seti mbili za vigae vya makuti, uzibadilishe kwa kupishana.