Nyumbani kwa Washington
Jamani, Mount Vernon, nyumba ya shambani ya George Washington, imenichekesha! Kwa mbali unaona ukuta wa mawe, kumbe ni mbao za msonobari zilizochongwa zifanane na mawe, zikapakwa rangi na kurushiwa mchanga rangi ingali mbichi. Rais wa kwanza wa Marekani naye alipenda kuonekana. Ukumbini kuna ufunguo wa Bastille, gereza la Paris lililovamiwa Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza, zawadi ya Lafayette, jenerali Mfaransa rafiki yake, na watu wote wamejazana hapo na simu zao. Mimi nilikaa zaidi kwenye makazi ya watumwa. Mwaka 1799, George Washington alipofariki, shamba lile lilikuwa na watumwa zaidi ya 300. Ukienda, anzia huko, ndipo uingie kuona chumba alichofia.