Malaria kwenye mimba changa: usisubiri mwezi wa nne

Bado kuna maduka ya dawa ambako mama mwenye mimba ya wiki nane, kipimo kimeonyesha malaria, anaambiwa ALu, dawa mseto ya artemetha na lumefantrini inayotibu malaria, ni kali mno kwa mimba changa, asubiri. Kusubiri huko ndiko kunakoua. Vimelea vya malaria kali hung'ang'ania kwenye kondo la nyuma. Mama anaishiwa damu, mtoto tumboni anakosa lishe. Mimba huharibika, au mtoto huzaliwa chini ya kilo 2.5. Na kwa kuwa vimelea vimejificha huko, tone la damu ya kidoleni linaweza kuonekana safi. Homa ikiendelea, apimwe tena.

Hofu ya ALu ilikuwa na chanzo. Wanyama wa maabara waliopewa dawa za jamii ya artemisinini, ambamo artemetha ya ALu imo, mwanzoni mwa mimba walipoteza watoto, hivyo kwa miaka mingi mama wa miezi mitatu ya kwanza alipewa kwinini. Baadaye zikakusanywa kumbukumbu za wajawazito wenyewe. Uchambuzi uliochapishwa 2022 ulionyesha kuwa waliotibiwa kwa ALu katika kipindi hicho walipata mimba kuharibika, watoto wafu na kasoro kubwa za maumbile, zote zikijumlishwa, kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 42 kuliko waliotibiwa kwa kwinini. Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza ALu tangu mwanzo wa mimba. Ruhusa hiyo ni ya ALu. Dawa mseto nyingine bado hazina ushahidi wa kutosha kwa miezi hiyo mitatu.

Kwinini pia ina adha zake: kila baada ya saa 8 kwa siku 7, masikio yanavuma, kichefuchefu, na sukari ya damu hushuka, hasa kwa mjamzito. Wengi huacha kabla ya kumaliza, homa ikishapoa, na vimelea vinabaki.

ALu ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa kila dozi, dozi sita. Ukianza saa 2 asubuhi, ya pili ni saa 10 jioni, kisha saa 2 asubuhi na saa 2 usiku kwa siku mbili zinazofuata. Kosa kubwa ni kuinywa na chai ya rangi tupu. Lumefantrini inahitaji mafuta ili iingie kwenye damu, na mwili wa mjamzito tayari hubaki na kiasi kidogo cha dawa hiyo. Kunywa na maziwa, karanga, parachichi au chapati. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi nzima, na urudi kituoni ukachukue vidonge vya kufidia. Anayetumia efavirenzi, dawa ya VVU, amweleze mtabibu, kwa sababu hupunguza nguvu ya ALu.

SP (sulfadoksini na pirimethamini) ni jambo lingine kabisa. Ni kinga, si tiba: vidonge vitatu kwa pamoja, mbele ya muuguzi, kuanzia wiki ya 13, kila kliniki ilimradi umepita mwezi mmoja, angalau mara tatu kabla ya kujifungua. Haihitaji chakula. Asiyepatana na dawa za salfa asipewe, wala anayekunywa kotrimoksazoli kwa ajili ya VVU. Foliki asidi ya miligramu 0.4 haina shida. Kidonge cha miligramu 5 huidhoofisha SP. Primakwini, dawa nyingine ya malaria, hairuhusiwi katika hatua yoyote ya mimba.

Degedege, kuchanganyikiwa, kutapika kila kitu, manjano au kupumua kwa shida: hapo vidonge havitoshi. Ni hospitali mara moja, kwa sindano ya atesuneti, miezi yoyote ya mimba: miligramu 2.4 kwa kila kilo, mwanzo, kisha baada ya saa 12 na baada ya saa 24 tangu sindano ya kwanza, halafu kila siku mpaka mama aweze kumeza. Akishaweza, anapewa dozi kamili ya ALu ya siku tatu. Sindano peke yake huacha vimelea vichache vinavyorudi.